Namba Inayoonekana na Namba Iliyohifadhiwa: Kiini cha Makosa ya Vikokotoo vya Kompyuta

Anayebonyeza vitufe vya kikokotoo kwenye kompyuta au simu huamini kuwa tarakimu zinazotokea kwenye skrini ndizo jibu. Ukweli ni kwamba kila hesabu huwa na namba mbili: ile ambayo programu inaihifadhi kwenye kumbukumbu, na ile ambayo inaionyesha. Mara nyingi namba hizo hukaribiana kiasi kwamba hakuna anayeona tofauti. Hata hivyo, karibu makosa yote ya vikokotoo ambayo yamewahi kuzua mjadala hueleweka vizuri zaidi mtu akianza kwa kuuliza kama kilichokosewa ni namba iliyohifadhiwa au ni namba iliyoonyeshwa. Swali hilo ndilo linalotenganisha mambo ambayo kwa kawaida hutiwa kapu moja: ukadiriaji usioepukika, hitilafu ya programu, kasoro ya prosesa (kile kipande cha kompyuta kinachofanya hesabu), na hata hesabu iliyo sahihi ambayo mtumiaji ameielewa kwa namna nyingine.

Tuanze na kisa chepesi. Katika lugha nyingi za kuandikia programu, ukiagiza 0.1 ijumlishwe na 0.2, jibu linalorudi ni 0.30000000000000004. Kila anayejifunza kuandika programu hukutana na jibu hili mapema, na wengi huambiwa kwa haraka kwamba kompyuta hazijui desimali, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu kosa haliko pale linapodhaniwa kuwa.

Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, yaani kwa tarakimu 0 na 1 peke yake. Katika mfumo wa kumi tuliouzoea, nafasi zinazofuata nukta ni sehemu ya kumi, sehemu ya mia, sehemu ya elfu. Katika mfumo wa mbili nafasi hizo ni nusu, robo, thumuni, sehemu ya kumi na sita, na kuendelea. Sasa tujaribu kuiunda 0.1 kwa vipande hivyo. Nusu, robo na thumuni ni kubwa mno, kwa hiyo tunaanza na 1/16, ambayo ni 0.0625. Tukiongeza 1/32 tunafika 0.09375. Kipande cha 1/64 kingetuvusha, na cha 1/128 pia, kwa hiyo tunaviruka vyote viwili na kuchukua 1/256, kisha 1/512, na sasa tumefika 0.099609375. Vipande viwili vinavyofuata vinatuvusha tena, viwili vya baada yake vinafaa, na mtindo huo wa kuruka viwili na kuchukua viwili hauna mwisho. Tunaisogelea 0.1 daima bila kuifikia. Sababu ni kwamba kumi ni mbili mara tano, na ile tano haigawanyi kipeo chochote cha mbili, kama vile tatu isivyogawanya kipeo chochote cha kumi. Ndiyo maana theluthi moja nayo huandikwa 0.333 bila kikomo katika mfumo wa kumi.

Kwa kuwa kumbukumbu ina kikomo, mfuatano huo lazima ukatwe mahali fulani. Mahali penyewe paliwekewa kiwango cha kimataifa kiitwacho IEEE 754, kilichochapishwa mwaka 1985, ambacho msanifu wake mkuu alikuwa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kazi yake katika hesabu za kompyuta ilimpatia Tuzo ya Turing mwaka 1989. Katika muundo wa biti 64, ambao ndio unaotumika zaidi, biti moja hubeba alama ya kujumlisha au kutoa, biti 11 hubeba kipeo kinachoonyesha nukta iko wapi, na biti 52 hubeba tarakimu zenyewe. Kwa kuwa tarakimu ya kwanza katika mfumo wa mbili huwa 1 kwa kawaida, haihitaji kuandikwa, na hivyo namba hupata usahihi wa biti 53, sawa na tarakimu 15 hadi 17 za mfumo wa kumi. Ndani ya nafasi hiyo, 0.1 huhifadhiwa kama 0.1000000000000000055511151231257827 na ushee. Namba 0.2 ni mara mbili ya hiyo, nayo imezidi kidogo. Namba 0.3, kinyume chake, huhifadhiwa ikiwa imepungua kidogo. Unapojumlisha mbili zilizozidi, hupati ile moja iliyopungua.

Kwa hiyo kompyuta haikukosea kujumlisha. Kiwango cha IEEE 754 kinaamuru kuwa jibu la kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili liwe lile lile ambalo lingepatikana kama hesabu ingefanywa kwa ukamilifu, kisha ikakadiriwa mara moja tu mwishoni. Hilo ni sharti kali, na prosesa za leo hulitimiza. Kilichotokea ni kwamba namba zilizoingia katika hesabu hazikuwa 0.1 na 0.2, zilikuwa jirani zao wa karibu zaidi, na zilishabadilika tangu pale zilipoandikwa, kabla alama ya kujumlisha haijaguswa.

Kikokotoo cha kawaida hakimsumbui mtumiaji kwa habari hizi. Kinakokotoa kwa tarakimu 16 au zaidi, kinaonyesha 10 au 12, na zile zilizobaki hutumika kama akiba inayomeza makosa madogo. Jibu la 0.1 na 0.2 linakadiriwa na kuonekana 0.3, na kila mtu anaridhika. Uamuzi huo wa kuficha ni wa busara. Ubaya wake ni kwamba unamfanya mtumiaji aamini kuwa akiba ile itamlinda katika kila hesabu, ilhali kuna kitendo kimoja cha kawaida kabisa ambacho huifuta yote kwa mara moja, nacho ni kutoa namba mbili zinazokaribiana.

Chukua 3.11 utoe 3.1. Kila moja kati ya hizi ina kosa dogo sana kwenye tarakimu yake ya 17. Tarakimu za mbele zinapofutana, lile kosa lililokuwa mbali upande wa kulia linasogea mbele, na jibu katika biti 64 linakuwa 0.009999999999999787. Likikadiriwa hadi nafasi mbili za desimali linaonekana 0.01, lakini likikatwa bila kukadiriwa linabaki 0.00. Kikokotoo kilichokuja na Windows 3.1 kilionyesha hasa 0.00 kwa hesabu hii, jambo lililopata umaarufu mkubwa kwa sababu 3.1 na 3.11 zilikuwa pia namba za matoleo ya mfumo wenyewe.

Katika kisa hicho madhara yanaonekana kwa macho. Yapo mengine yasiyoonekana. Chukua mlinganyo x² + 100,000,000x + 1 = 0, uutatue kwa ile kanuni ya shuleni yenye kipeuo cha pili cha b² - 4ac. Jibu moja ni kubwa na hupatikana vizuri. Jibu la pili ni dogo sana, takriban -0.00000001. Ili kulipata, kanuni inatuagiza tuchukue kipeuo ambacho kinakaribia 100,000,000 kabisa, kisha tutoe 100,000,000 yenyewe. Namba zenye ukubwa huo, katika biti 64, hupishana kwa hatua ya takriban 0.0000000149, na tofauti tunayoitafuta ni 0.00000002, kwa hiyo haina pa kukaa isipokuwa kusukumwa kwenye hatua iliyo jirani. Tukigawanya kwa mbili tunapata -0.00000000745. Kila hatua ilikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho inayoweza kuhifadhiwa, na hata hivyo jibu limekosewa kwa robo nzima. Dawa yake haihitaji kumbukumbu zaidi. Inatosha kuigeuza kanuni ili iwe 2c gawanya kwa -b toa kipeuo kile kile, na sasa namba mbili kubwa zinajumlishwa badala ya kufutana, na jibu linatoka sahihi. Wanaoandika programu za kikokotoo wanaojua jambo hili huchagua kanuni kwa kuangalia alama ya b. Wasiolijua hunakili kanuni kama ilivyo kitabuni.

Mfano mwingine wa namba iliyohifadhiwa kuwa na kosa huku ile inayoonekana ikiwa sahihi ulikaa miaka mingi ndani ya kikokotoo cha Windows. Ukitafuta kipeuo cha pili cha 4, skrini ilionyesha 2. Ukitoa 2, hukupata sufuri. Katika mojawapo ya matoleo ulipata takriban -8.16 × 10⁻³⁹. Kinachovutia ni kwamba kikokotoo hicho kilikuwa kimeshaachana na biti 64. Injini yake ya hesabu ilihifadhi namba kama sehemu, kiasi juu na asili chini, kila moja ikiwa namba nzima yenye urefu wowote unaohitajika, na kwa hiyo kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kulikuwa kwa ukamilifu. Vipeuo na logi, hata hivyo, havina njia hiyo. Hukadiriwa hadi idadi fulani ya tarakimu. Kipeuo cha pili kilitafutwa kwa njia ya jumla inayopitia logi, na njia hiyo haijui kwamba 4 ni mraba kamili. Ilirudisha namba iliyokaribia 2 mno, skrini ikaikadiria kuwa 2, na kitendo cha kutoa kikaifichua. Mwaka 2018 Microsoft ilirekebisha jambo hili, na mwaka uliofuata msimbo mzima wa kikokotoo hicho ukawekwa wazi, ambapo mtu yeyote anaweza kuusoma.

Sasa tugeuze upande. Zipo hitilafu ambazo namba iliyohifadhiwa ni sahihi na iliyoonyeshwa ndiyo ya uongo, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Excel 2007, programu ya lahajedwali, yaani ya majedwali yanayofanya hesabu. Mnamo Septemba 2007 watumiaji waligundua kuwa 77.1 mara 850, ambayo ni 65,535, ilionyeshwa kuwa 100,000. Kosa la ukubwa huo haliwezi kuwa la ukadiriaji. Microsoft ilieleza kuwa hesabu yenyewe ilifanywa vizuri na jibu lilihifadhiwa vizuri, ila ile sehemu ya programu inayogeuza biti kuwa tarakimu za kusomwa na binadamu ilikuwa na hitilafu iliyoathiri namba 12 tu kati ya zote ambazo muundo wa biti 64 unaweza kubeba: sita zilizo chini kidogo ya 65,535 na sita zilizo chini kidogo ya 65,536. Ushahidi ulikuwa rahisi kuupata. Aliyezidisha jibu hilo kwa 2 alipata 131,070, ambalo ni sahihi, kwa sababu hesabu ilichukua namba ya ndani, haikuchukua ile ya kwenye skrini. Aliyeongeza 1 alipata 100,001, kwa sababu jibu jipya liliangukia katika kundi la pili la namba sita. Marekebisho yalitolewa mwezi uliofuata. Ninakitaja kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha kwamba kuandika namba kwenye skrini ni hesabu kamili inayojitegemea, yenye kugawanya na kukadiria kwake, na inastahili kukaguliwa kwa makini yale yale yanayotolewa kwa kujumlisha na kuzidisha.

Makosa ya ndani kabisa, yaliyo kwenye kifaa chenyewe, ni machache lakini yana uzito wake. Kikokotoo cha mkononi HP-35, kilichoanza kuuzwa mwaka 1972, kilikuwa na hitilafu katika programu yake ya kudumu: ukichukua logi asilia ya 2.02 kisha ukairudisha kwa kipeo cha e, ulipata 2 badala ya 2.02. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati wa Chuo cha Lynchburg huko Virginia, alikuwa akikokotoa jumla inayohusu namba tasa pacha, yaani namba tasa mbili zinazopishana kwa 2, alipoona majibu ya kompyuta yake hayalingani. Aliondoa sababu moja baada ya nyingine hadi ikabaki moja tu: prosesa ya Pentium ya Intel ilikuwa ikigawanya vibaya. Prosesa hiyo iligawanya kwa kutumia jedwali la makadirio lililochongwa ndani yake, na nafasi kadhaa za jedwali hilo, ambazo zilipaswa kuwa na 2, ziliachwa na 0. Mfano ulioenea ni 4,195,835 gawanya kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.33382, na prosesa yenye kasoro ilitoa 1.33373. Yeyote aliyekuwa na kikokotoo cha Windows aliweza kuijaribu mashine yake mwenyewe: gawanya, zidisha tena kwa kile kile ulichogawanyia, kisha toa jibu hilo kwenye namba ya mwanzo. Badala ya sufuri alipata 256. Intel mwanzoni ilisema watumiaji wengi hawataathirika, kisha ikalazimika kubadilisha prosesa hizo kwa kila aliyeomba, na ikatenga dola milioni 475 za Marekani kwa ajili hiyo.

Kuna pia hitilafu ambazo hazigusi hesabu kabisa. Mwaka 2017, katika kikokotoo cha iOS 11, mfumo wa simu za iPhone, aliyebonyeza 1 + 2 + 3 kwa haraka aliweza kupata 24. Kitufe cha kujumlisha kilikuwa na uhuishaji wa muda mfupi wa kuwaka na kufifia, na kitufe kilichobonyezwa kabla uhuishaji huo haujaisha hakikupokelewa. Alama ya pili ya kujumlisha ikapotea, hesabu ikawa 1 + 23, na jibu la hesabu hiyo ni sahihi. Tatizo liliondolewa katika toleo la 11.2.

Na kuna tofauti zisizo hitilafu. Katika hali ya kawaida, kikokotoo cha Windows hujibu 9 kwa 1 + 2 × 3, kwa sababu hufanya kila kitendo pale kinapobonyezwa. Katika hali ya kisayansi hujibu 7. Excel husoma -3^2 (alama ^ ni ya kipeo) kuwa 9 huku vikokotoo vingi vya kisayansi vikisoma -9. Hayo ni makubaliano ya usomaji, na kinachotakiwa ni yaandikwe wazi.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusikokotoe kwa mfumo wa kumi moja kwa moja? Vikokotoo vingi vya mkononi hufanya hivyo, vikihifadhi kila tarakimu ya desimali kwa biti nne, na kwa hiyo katika vikokotoo hivyo 0.1 na 0.2 huleta 0.3 kamili, ndani na nje. Toleo la IEEE 754 la mwaka 2008 nalo liliongeza miundo ya mfumo wa kumi, na programu nyingi za fedha hutumia mfumo wa kumi kwa sababu sheria na mikataba ya fedha huandikwa kwa desimali. Hata hivyo hatua hiyo inahamisha tatizo, haiondoi. Gawanya 1 kwa 3, kisha zidisha kwa 3: kikokotoo cha mfumo wa kumi chenye tarakimu 12 hubaki na 0.999999999999, na kitaonyesha 1 ikiwa tu kina tarakimu za akiba za kukadiria.

Ukadiriaji wenyewe una kanuni zake, na hapa ndipo makosa ya polepole huzaliwa. Shuleni tunafundishwa kuwa 5 hupandishwa: 2.5 huwa 3. Kanuni ya msingi ya IEEE 754 husema namba iliyo katikati kabisa iende kwenye tarakimu shufwa, kwa hiyo 2.5 huwa 2 na 3.5 huwa 4. Lengo ni kwamba katika hesabu nyingi, zinazopandishwa na zinazoshushwa zilingane kwa idadi, ili jumla isielemee upande mmoja. Tahadhari moja inahitajika hapa: namba inayoonekana kuwa katikati mara nyingi haipo katikati. Ukiiambia programu ikadirie 2.675 hadi nafasi mbili za desimali unaweza kupata 2.67, na wengi hudhani ni kwa sababu ya kanuni hiyo ya shufwa, ambayo kwa kweli ingetoa 2.68. Sababu hasa ni kwamba iliyohifadhiwa ni 2.67499999999999982 na ushee, ambayo iko chini ya katikati na inashuka kwa kanuni yoyote ile.

Gharama ya kuelemea upande mmoja ilionekana katika Soko la Hisa la Vancouver, Kanada. Kipimo chake cha bei za hisa kilianza Januari 1982 kikiwa pointi 1,000. Kila mauzo yalipofanyika kipimo kilikokotolewa upya, na programu ilikata tarakimu zote baada ya nafasi ya tatu ya desimali badala ya kukadiria. Kukata hupunguza kwa wastani 0.0005 kila mara, kiasi ambacho hakuna mtu angekigombea. Lakini kipimo kilikokotolewa karibu mara 3,000 kwa siku, na hivyo kilipoteza takriban pointi 1.5 kila siku ya biashara. Kufikia Novemba 1983 kilisomeka takriban 524 huku hisa zenyewe zikiwa zimepanda; kiliporekebishwa kilirudi takriban 1,098. Kwa karibu miaka miwili kipimo cha umma kilielekea upande usio sahihi, na kila hesabu moja moja ndani yake ingepita ukaguzi wa mtu mwenye kalamu.

Mtu anaweza kudhani kuwa tarakimu zaidi zingemaliza matatizo haya yote. Kuna mfano, ulioundwa na mwanahisabati Mfaransa Jean-Michel Muller, ambao kila mwenye lahajedwali anaweza kuujaribu na ambao naona unafundisha kuliko maelezo mengi. Anza na 2, kisha -4. Kila namba inayofuata ipatikane hivi: chukua 111, toa 1130 gawanya kwa namba ya mwisho, ongeza 3000 gawanya kwa zao la namba mbili za mwisho. Namba ya tatu inakuwa 18.5, ya nne takriban 9.378, ya tano takriban 7.801, na mfuatano unashuka polepole ukielekea 6, ambako hisabati inathibitisha kuwa ndiko unakokwenda. Endelea hadi hatua ya 30 kwenye lahajedwali, na utaona mfuatano umeiacha 6, umepanda, na umetulia kwenye 100, ukiwa imara bila dalili yoyote ya kuyumba.

Kilichotokea ni hiki. Kanuni hiyo ina vituo vitatu inavyoweza kutulia, 5, 6 na 100, na kati ya hivyo ni 100 tu kinachovuta. Kwa namba mbili tulizoanza nazo, mvuto wa kuelekea 100 ni sufuri kamili. Kosa la kwanza la ukadiriaji, hata likiwa kwenye tarakimu ya 17, linaifanya ile sufuri isiwe sufuri tena, na kila hatua inalikuza takriban mara 17. Ukiongeza tarakimu hadi 32, kosa litaanza dogo zaidi na litachelewa, lakini litafika 100 vilevile. Tarakimu 1,000 zitalichelewesha zaidi tu. Namba za sehemu, zisizokadiriwa popote, ndizo pekee zinazokaa kwenye njia ya 6.

Namba za sehemu, kama tulivyoona, huishia zinapokutana na vipeuo, logi na pai. Kwa hizo kuna njia nyingine, na anayeistahili sifa ya kuiingiza katika kikokotoo cha watu wengi ni Hans Boehm wa Google, aliyeielezea mwaka 2017 alipoandika juu ya kikokotoo cha Android. Katika njia hiyo programu haihifadhi tarakimu za jibu. Inahifadhi maelekezo ya kuzikokotoa. Skrini inapohitaji tarakimu 12, inaliomba jibu tarakimu 12, na jibu huziomba namba zilizolizaa tarakimu zaidi kidogo kila moja, na hizo nazo huomba kwa zile zilizozitangulia, hadi kosa la mwisho liwe dogo kuliko nafasi ya mwisho inayoonyeshwa. Mtumiaji akivuta jibu pembeni ili aone tarakimu zaidi, hesabu hurudiwa kwa kina zaidi. Hivyo namba inayoonekana haiwezi kuachana na iliyo ndani, kwa sababu iliyo ndani ni namba halisi yenyewe katika umbo la maelekezo. Jaribu 10 kwa kipeo cha 100, ongeza 1, kisha toa tena 10 kwa kipeo cha 100. Kikokotoo cha biti 64 hujibu 0, kwa kuwa ile 1 ilimezwa pale ilipoongezwa. Kikokotoo cha Boehm hujibu 1.

Njia hii ina mpaka mmoja ambao hauondolewi na ujuzi wala kasi ya mashine. Kama jibu halisi ni sufuri, maelekezo yatatoa 0.000 na kuendelea, na kila ukiomba tarakimu zaidi utapewa sufuri zaidi, bila kujua kama tarakimu ya elfu kumi na moja itakuwa 3. Hakuna utaratibu wa jumla unaoweza kuamua, kwa namba yoyote iliyoelezwa hivi, kama ni sufuri kamili au ni ndogo sana. Hili si jambo la nadharia tu, kwa sababu programu inahitaji kulijua kabla ya kugawanya, na kabla ya kuamua kama iandike 0 au iweke alama kuwa tarakimu zinaendelea. Boehm alilipunguza kwa kuunganisha njia mbili: kikokotoo hufuatilia pia kama jibu ni sehemu kamili, au ni sehemu iliyozidishwa na namba inayotambulika kama pai au kipeuo fulani, na pale inapowezekana hulinganisha sehemu hizo badala ya tarakimu. Kwa hesabu nyingi ambazo watu hubonyeza kweli, hilo linatosha: kipeuo cha pili cha 4 toa 2 ni 0, na programu inajua kuwa ni 0. Kwa hesabu zilizobaki, zinazochanganya logi, pembe na vipeo kwa namna isiyotambulika, kikokotoo kinaweza kuonyesha sufuri nyingi kadiri unavyovuta, na thamani iliyo nyuma yake ikabaki haijaamuliwa.